Biti iko wapi? Historia ya kupitisha bomba chini ya mto bila kuchimba mtaro

Pengine umewahi kuwaona. Pembeni mwa barabara ya lami kuna mtambo umeinama, pua yake imechomekwa ardhini kama mbu anayenyonya. Nyuma yake kuna tangi la matope ya kijivu, na jamaa mmoja amekaa kwenye kiti akivuta na kusukuma vishikio. Sasa angalia mbele kidogo, mita hamsini hivi. Kuna mwingine anatembea polepole kati ya bodaboda na wauza maji, mkononi ana kifaa chenye mpini na kioo kidogo. Anasimama, anatazama kioo, anaongea kwenye redio, anasogea hatua mbili, anasimama tena.

Watu wengi humtazama mwenye mtambo kwa sababu ndiko kwenye kelele. Leo nakuomba umtazame yule anayetembea. Anajibu swali moja tu: biti iko wapi sasa hivi? Swali hilo lilichukua karibu miaka mia moja kupata jibu la kuridhisha, na historia ya teknolojia hii, ukiichambua vizuri, ni historia ya swali hilo kuliko ya mashine.

Teknolojia yenyewe hufupishwa HDD (usiichanganye na diski ya kompyuta). Tuiite uchorongaji mlalo wa kuelekeza. Unatoboa tundu linaloingia ardhini kwa mshazari upande huu wa mto, linapinda taratibu, linalala chini ya kitanda cha mto, kisha linapinda tena kwenda juu na kutokeza ng'ambo. Halafu unavuta bomba ndani ya tundu hilo. Mto hauguswi, samaki hawajui kilichotokea, na kama ni barabara badala ya mto, daladala zinaendelea kupita juu.

Ukisikia hivyo kwa mara ya kwanza, inaonekana ni suala la nguvu: mtambo mkubwa, chuma kigumu, basi. Kumbe nguvu tulikuwa nazo zamani sana. Tulichokosa ni macho.

Tuanze na wachimbaji wa visima vya wima, maana ndio waliogundua tatizo, na kwa aibu kidogo. Kwa miaka mingi watu wa mafuta Marekani waliamini kwamba ukichoronga kwenda chini, tundu linakwenda chini. Si ndivyo uzito unavyofanya kazi? Lakini fimbo ya chuma yenye urefu wa mamia ya mita si ngumu kama unavyofikiri. Mwangalie fundi ujenzi anapobeba nondo ya mita 12 begani: ncha zote mbili zinaburuza chini. Fimbo ya kuchorongea nayo inapinda hivyo hivyo, na biti ikikutana na tabaka la mwamba lililolala kwa mshazari, inateleza kufuata upande wenye urahisi. Katika miaka ya 1920, kwenye eneo la mafuta la Seminole, Oklahoma, visima vilichimbwa kwa kubanana sana, na ndipo ikaonekana wazi kwamba vingi havikuwa wima hata kidogo. Vingine vilikutana huko chini.

Unapimaje mwinamo wa tundu usiloweza kuchungulia? Njia ya zamani ni nzuri kiasi kwamba nitaisimulia yote. Chukua chupa ya kioo, itie asidi ya hidrofloriki, ambayo ni miongoni mwa vitu vichache vinavyokula kioo. Ishushe ndani ya tundu kwa kamba na uiache huko kwa muda. Uso wa kimiminika siku zote hubaki mlalo, hata chupa ikiinama, kwa hiyo asidi inachora mstari kwenye kioo pale uso wake ulipofika. Ukiitoa chupa na kuona mstari umekaa sawa, tundu liko wima. Mstari ukiwa wa mshazari, pima pembe yake, na huo ndio mwinamo wa tundu. Hakuna betri wala waya, ni chupa, asidi na mvutano wa dunia tu.

Chupa ina kasoro moja kubwa. Inakuambia tundu limeinama kwa kiasi gani, lakini haikuambii limeinamia wapi. Kaskazini au magharibi? Haijui, na kwa mtu anayetaka kuelekeza tundu, nusu ya jibu haitoshi.

Hapo anaingia H. John Eastman, Mmarekani aliyefanya kazi California mwanzoni mwa miaka ya 1930. Vifaa vyake vilishusha kamera ndogo ndani ya kisima, ikapiga picha ya dira na timazi kwa pamoja. Timazi inaonyesha mwinamo, dira inaonyesha upande. Ghafla mchorongaji akawa na majibu yote mawili. Na kama unajua biti inaelekea wapi, unaweza kuanza kuipinda kwa makusudi. Walitumia kabari ndefu ya chuma iliyoshushwa hadi chini ya tundu, biti ikifika pale inalazimika kusukumwa pembeni. Huko Huntington Beach, kwenye pwani ya California, visima vilianzia nchi kavu na kuinama kwenda kunyonya mafuta yaliyokuwa chini ya bahari.

Kilichompa Eastman sifa nchi nzima kilikuwa moto. Mwaka 1933, kwenye eneo la Conroe, Texas, kisima kililipuka, kikawaka, na ardhi iliyokizunguka ikabomoka na kuwa bwawa la mafuta. Hakuna aliyeweza kukisogelea ili akizibe. Eastman alipendekeza jambo lililosikika kama uchawi: tuanzie mbali, mahali salama, tuchoronge kisima cha mshazari kiende kukutana na kile kibovu huko chini, kisha tusukume maji ndani. Ikafanikiwa. Mafuta yakanyamaza. Mbinu ya kuua kisima kwa kisima kingine hutumika mpaka leo.

Maarifa hayo hayo yakaingia mikononi mwa wezi pia. Mashariki mwa Texas, mwanzoni mwa miaka ya 1960, uchunguzi wa serikali ulikuta mamia ya visima vilivyopindishwa kisirisiri kwenda chini ya mashamba ya majirani. Juu ya ardhi mtu ana kisima chake halali ndani ya uzio wake, huko chini mrija uko kwenye kikombe cha mwenzake. Nakutajia hili kwa sababu linaonyesha teknolojia ilikuwa imefika wapi. Kufikia 1960 mtu aliweza kuipeleka biti alikotaka, hata kama alikotaka ni kwa jirani.

Kitu kingine kilichohitajika kilitoka Ufaransa. René Moineau alibuni mwaka 1930 pampu yenye parafujo inayozunguka ndani ya mpira uliotengenezewa umbo la msokoto. Ukiizungusha, inasukuma kimiminika. Baadaye watu wakaigeuza: sukuma kimiminika, parafujo yenyewe izunguke. Sasa una mota ndogo inayokaa mwishoni kabisa mwa fimbo, karibu na biti, ikiendeshwa na matope yanayosukumwa kutoka juu. Maana yake biti inaweza kuzunguka bila fimbo yote kuzunguka. Shika hilo, tutalirudia.

Mpaka hapo bado tuko kwenye mafuta na visima virefu. Watu wa mabomba ya maji, gesi na simu walikuwa dunia nyingine kabisa. Wao walichimba mtaro, wakalaza bomba, wakafukia. Wakikutana na barabara, walitoboa kwa kulenga: unachimba shimo upande huu, unaelekeza mashine upande ule, unaomba Mungu. Wakikutana na mto, kazi inakuwa kubwa: kuuzuia au kuugeuza, kuchimba kitanda chake, kulaza bomba lenye uzito wa kutosha lisielee, kurudisha mchanga. Na mto hausahau. Mafuriko makubwa yanaweza kukwangua kitanda na kuliacha bomba linaning'inia wazi majini.

Martin Cherrington alikuwa mtu wa dunia hii ya pili. Alianzisha kampuni yake Sacramento, California, mwaka 1964, kwa kazi ya kutoboa chini ya barabara. Mwaka 1971 kampuni ya gesi na umeme ya Pacific Gas & Electric ilikuwa na bomba la gesi la inchi 4 linalotakiwa kuvuka mto Pajaro, karibu na mji wa Watsonville. Umbali wa takriban futi 600, yaani karibu mita 180. Cherrington akaazima mbinu za watu wa mafuta: mota ya matope, kipande cha fimbo kilichopinda kidogo, vipimo vya mwinamo na mwelekeo. Akavigeuza vilale. Vilianza kwa mshazari juu ya ardhi, vikapita chini ya mto, vikatokeza ng'ambo.

Kwa viwango vya leo ni kazi ndogo. Inchi 4 ni bomba ambalo unaweza kulikumbatia kwa viganja viwili na kidogo. Lakini ndiyo inayohesabiwa kuwa mto wa kwanza kuvukwa kwa njia hii. Mimi ninachokipenda hapa ni kwamba hakuna sehemu mpya. Mota ilikuwapo, dira ilikuwapo, matope yalikuwapo. Jamaa alikaa katikati ya taaluma mbili ambazo hazikuwa zikisalimiana, akachukua huku akapeleka kule.

Sasa tuingie ndani ya tundu, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Unaipindaje biti ikiwa ardhini? Wazo ni rahisi mno. Biti ina uso wa mshazari, kama patasi. Ukiisukuma huku ikizunguka, mshazari unaangalia pande zote kwa zamu, athari zinafutana, biti inakwenda moja kwa moja. Ukiacha kuizungusha na kuisukuma tu, mshazari unateleza kwenye udongo na biti inakwenda upande mmoja. Kwa hiyo usukani wa mtambo huu ni kuzungusha au kutozungusha. Kwenye mwamba mgumu huwezi kusukuma bila kukata, na hapo ndipo mota ya Moineau inapookoa: biti inakata kwa kuzunguka yenyewe, wakati fimbo iliyopinda imetulia ikielekea upande unaoutaka.

Mchorongaji anahitaji kujua uso wa biti unaangalia wapi, na duniani kote hutumia lugha ya saa ya ukutani. Kumi na mbili ni juu, sita ni chini, tatu ni kulia. Hapa kuna mtego kwetu sisi. Mwingereza akisema sita, mkono wa saa unaelekea chini. Mswahili akisikia saa sita, mkono uko juu kabisa, ni adhuhuri! Nikiwa na kikundi kinachochanganya lugha mbili kwenye redio, ningehakikisha wanasema juu na chini, waachane na saa.

Bomba la chuma nalo linapindaje? Rudi kwenye nondo ya fundi. Bomba fupi halipindi, refu linapinda, ila lina kiasi chake. Kanuni ya wahandisi ni kwamba nusu kipenyo cha mkunjo isipungue mara 1,200 ya kipenyo cha bomba. Chukua bomba la inchi 24, sawa na mita 0.61. Zidisha: unapata mita 732. Yaani mkunjo wake ni kipande cha duara lenye upana wa karibu kilomita moja na nusu. Ndiyo maana kuvuka mto mdogo kwa bomba kubwa kunahitaji kuanzia mbali sana na ukingo. Hulazimishi kona.

Tundu la kwanza ni jembamba, la kuongoza tu. Likishatokeza ng'ambo, biti inafunguliwa, kinafungwa kipanuzi, na kinavutwa kurudi kikilipanua tundu. Kwa bomba kubwa hurudiwa mara kadhaa, mpaka tundu liwe pana kama mara moja na nusu ya bomba. Mwisho linafungwa bomba lenyewe, limeshaunganishwa kwa urefu wote ng'ambo ya mto, na kati yake na kipanuzi kinawekwa kiungo kinachoruhusu kipanuzi kizunguke bila bomba kuzunguka. Kisha linavutwa. Hapo unaweza kukutana na kichekesho cha fizikia: bomba kubwa likiwa tupu huelea ndani ya matope na kubana kwenye dari la tundu, hivyo mara nyingine hujazwa maji ili lipungukiwe na hamu ya kupanda.

Kuhusu matope, usiyadharau. Ni maji na bentonaiti, udongo uliotokana na majivu ya volkano ambao ukilowa huvimba. Una tabia ya tomato sosi: ukitulia unaganda, ukitikiswa unatiririka. Wakati wa kusukumwa unapita kirahisi na kubeba vumbi la mwamba kutoka nje. Mtambo ukisimama kwa chakula cha mchana, unaganda na kushikilia vumbi hilo lisizame. Wakati huohuo unapaka kuta za tundu zisibomoke na kupoza biti. Tundu chini ya mto halina saruji wala nguzo. Linashikiliwa na uji huu tu.

Turudi kwa yule anayetembea. Ndani ya kichwa cha biti kuna kisambaza mawimbi kidogo kinachotoa uga wa sumaku unaotetema kwa kasi ya chini. Mawimbi ya redio ya kawaida hufa haraka kwenye udongo wenye maji, ila uga wa aina hii hupenya. Tatizo ni kwamba hupungua kwa mchemraba wa umbali. Ukiongeza kina mara mbili, nguvu inakuwa moja ya nane. Kutoka mita 2 kwenda mita 10, inabaki moja ya 125. Kwa upande mwingine, kupungua huko ndiko kunakomwezesha kupima: akijua nguvu iliyotoka na nguvu iliyomfikia, anahesabu kina. Na vipima mvutano vilivyomo ndani ya kichwa hicho vinamtumia mwinamo na saa ya biti. Kwa maneno mengine ni ile chupa ya asidi, ila sasa inaongea.

Vifaa vya namna hii vilianza kuingia mitaani miaka ya 1980 na kukomaa miaka ya 1990, na jina linalotajwa sana ni John Mercer, ambaye kampuni yake katika jimbo la Washington ilitengeneza kitafutio kilichoitwa DigiTrak. Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko yalivyoonekana. Kabla ya hapo, uchorongaji wa kuelekeza ulikuwa wa mito mikubwa na wateja wenye fedha. Sasa mtambo mdogo wenye watu watatu ukaweza kupita chini ya barabara ya mtaa. Na ikasadifu kwamba huo ndio muongo ambao kila mtu alitaka faiba. Waya mwingi wa intaneti duniani uko ardhini kwa sababu mtu alitembea juu yake na kioo mkononi.

Mtoni huwezi kutembea, bila shaka. Huko hutumika vipimo vya dira na mvutano vilivyounganishwa kwa waya unaopita ndani ya fimbo. Lakini dira karibu na daraja la chuma ni kama kumuuliza mlevi njia. Kwa hiyo hutandaza waya juu ya ardhi kwenye kingo kwa umbo linalojulikana, hupitisha umeme wa kiasi kinachojulikana, na biti hupima uga wa waya ule badala ya kutegemea kaskazini ya dunia peke yake. Je, ni muhimu kiasi hicho? Piga hesabu: ukikosea mwelekeo kwa digrii 1 na ukaendelea hivyo mita 300, unatokeza zaidi ya mita 5 kutoka ulipopanga. Mita 5 ni nyumba ya mtu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Vifaa vyote hivi vinajibu swali la biti iko wapi. Hakuna hata kimoja kati yake kinachojibu swali la pili: je, mbele yake kuna nini? Biti ni kipofu anayejua anuani yake mwenyewe. Ikikutana na bomba la maji taka la udongo wa kuchoma, inapita kati kama sindano kwenye kitambaa, na jamaa wa kwenye kiti huenda asihisi chochote.

Hilo lilishatokea hata kabla mitambo ya kisasa haijaingia mitaani. Agosti 1976, huko Kenosha, Wisconsin, nyumba ililipuka na watu 2 wakafa. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuta kwamba bomba la plastiki la gesi lilikuwa limepitishwa kwa kutoboa, bila mtaro, na lilipita katikati ya bomba la maji taka la nyumba. Halikuvuja. Lilikaa humo kimya. Ilipofika siku bomba la maji taka limeziba, mashine ya kuzibua ikaingizwa, ikakata kilichokuwa kimeziba, na kilichokuwa kimeziba ni bomba la gesi. Gesi ikafuata maji taka mpaka ndani ya nyumba.

Fikiria ubaya wa kosa hili. Aliyetoboa aliondoka akiwa amefanya kazi safi, gesi inapita, barabara haina ufa. Anayelipa ni mtu mwingine, siku nyingine, baada ya fundi bomba kuitwa kwa tatizo la kawaida kabisa. Leo, Marekani, kuna kampuni ambazo kazi yake ni kuingiza kamera kwenye maji taka kutafuta makosa ya namna hii yaliyoachwa zamani.

Matope nayo yana njia yake ya kuleta msiba. Yanasukumwa kwa shinikizo, na shinikizo likizidi uwezo wa udongo uliopo juu, yanatafuta ufa na kupanda. Aprili 2017, kwenye mradi wa bomba la gesi la Rover jimboni Ohio, takriban galoni milioni 2 za matope (kama lita milioni 7.5) ziliishia kwenye ardhioevu karibu na mto Tuscarawas. Mwaka huohuo, Pennsylvania, mradi wa Mariner East 2 ulichafua visima vya maji vya watu majumbani. Januari 2018 jimbo likasimamisha kazi, na mwezi uliofuata likatoza faini ya dola milioni 12.6. Bentonaiti yenyewe si sumu, watasema, na ni kweli. Lakini mwambie hivyo mama aliyefungua bomba lake asubuhi akakuta maji ya kijivu. Na kwa wadudu na mayai ya samaki yaliyofunikwa na ute mzito chini ya kijito, tofauti kati ya sumu na kukosa pumzi si kubwa.

Na sisi huku? Mfano mkubwa uko Uganda. Sehemu ya mafuta ya mradi wa Tilenga iko kaskazini mwa mto Nile wa Victoria, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, wakati kiwanda cha kuyachakata kiko kusini, Kasenyi, wilayani Buliisa. Kati yake kuna mto, na chini kidogo ni ardhioevu ya delta inayolindwa kwa Mkataba wa Ramsar. Njia iliyochaguliwa kuvuka ni hii tunayoizungumza: kupita chini ya kitanda cha mto. Kutoka hapo mafuta yataungana na bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, ambalo sehemu yake kubwa inalazwa kwenye mtaro wa kawaida.

Utasikia wakisema kwamba kwa kupita chini, mto hauguswi. Nami nimesema hivyo hivyo kule juu. Sasa unajua sentensi hiyo inategemea nini: shinikizo la matope lidhibitiwe kila dakika, mtu asimame ukingoni akitazama kama maji yanabadilika rangi, na mwamba uwe umechunguzwa kwa visima vya majaribio kabla, siyo kwa kubahatisha. Ukiwa mwanafunzi wa jiolojia au mazingira, hizo ndizo ripoti za kuulizia. Ramani ya njia inatoka kwenye magazeti, lakini kumbukumbu za shinikizo la matope hazitoki.

Mfano mdogo uko mtaani kwako. Miji yetu imejengwa kwa viraka. Bomba la maji la nyumba nyingi lilitandazwa na fundi aliyelipwa kwa siku, kwa kina alichoona kinatosha siku hiyo, na ramani yake iko kichwani mwake, kama bado yuko hai. Ofisi inaweza kuwa na michoro ya bomba kubwa, ila ya matawi madogo utaipata kwa wazee wa mtaa. Wiki moja intaneti ya kasi ilipofika mtaani kwetu, bomba la maji lilikaa siku tatu bila tone. Hakuna aliyelaumiwa, maana hakuna aliyeandika popote kwamba bomba lilikuwa pale.

Dawa inayojulikana haina elektroniki yoyote. Kabla ya kuanza kutoboa, unachimba vishimo vidogo kwa mkono kila mahali njia yako itakapokatiza bomba au waya, mpaka ulione kwa macho, kisha unaliacha wazi. Biti inapopita, mtu anasimama juu ya kishimo na kuitazama ikipita chini kwa umbali salama. Inachelewesha kazi kwa siku moja au mbili, na hiyo ndiyo sababu hurukwa. Kwa hiyo siku utakapoukuta ule mtambo umeinama kwenye mtaa wako, usiende kwa mwenye kiti. Nenda kwa anayetembea, msalimie, na umuulize vishimo vya kuchungulia viko wapi. Akikuonyesha kimoja chenye bomba linaloonekana ndani yake, mwache aendelee na kazi. Akikuonyesha karatasi tu, kamwite yule mzee anayekumbuka bomba lilipita wapi.